"WA KWETU WANGAPI?": SWALI LA KIJINGA LINALOITAFUNA TAIFA STARS

Kikosi cha Taifa Stars kikitoka tu, Kariakoo inasimama. Muuza viatu wa Mtaa wa Kongo anamwambia mteja "subiri kidogo bosi". Fundi simu wa Aggrey anaweka bisibisi chini. Kijiwe cha kahawa upande wa Mnazi Mmoja, mzee mzima anavaa miwani, anasogeza simu mbali na uso ili asome vizuri. Majina kumi na moja yako kwenye kioo.

Na swali la kwanza siyo nani anaanza mbele. Siyo kama kocha kaweka viungo wawili au watatu. Siyo hata kama nahodha kapona goti. Swali la kwanza ni hili: "Wa kwetu wangapi?"

Hiyo "kwetu" siyo Tanzania. Kwetu ni Msimbazi au kwetu ni Jangwani. Vidole vinaanza kuhesabu. Watano wao, wanne wetu, wawili wa Azam, basi hiyo timu siyo ya taifa, hiyo ni timu ya Makolo. Au hiyo ni Utopolo waliovaa bluu. Mpira haujaguswa, refa hajapuliza filimbi, na tayari nusu ya nchi imeshajitoa kwenye mechi.

Sasa utani ni utani, na mjini hapa hakuna anayetaka kuishi bila utani. Ila kwa kuwa AFCON ya 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda, hili jambo inabidi lisemwe wazi kabla halijaleta aibu mbele ya Afrika nzima.

WANAOHESABU KWA MASLAHI

Shabiki wa kawaida anahesabu kwa mazoea. Kakulia humo. Baba yake alihesabu, mjomba wake alihesabu, naye kaendeleza. Huyo hana kesi kubwa. Kesi iko kwa wale wanaohesabu kwa sababu inawalipa.

Kuna mchambuzi mmoja wa redio, jina liko kapuni, ambaye siku ya mechi ya taifa hafungui kipindi kwa mfumo wala kwa mpinzani. Anafungua kwa hesabu. "Leo kuna watano kutoka timu fulani, mnajisikiaje wananchi?" Simu zinafurika. Kipindi kizima kinaisha watu wanatukanana kuhusu benchi, na hakuna msikilizaji hata mmoja anayejua mpinzani anashambulia kwa kupitia upande gani. Akiulizwa, anasema anawapa watu wanachotaka. Muuza unga naye husema hivyohivyo.

Kuna staa mmoja wa muziki, mwenye wafuasi kibao, ambaye kila mashindano yakianza anapiga picha na jezi ya taifa, bendera shingoni, mkono kifuani. Mbwembwe kinoma. Timu ikishinda, posti tatu. Timu ikifungwa, dakika kumi haziishi kashaandika kijembe kwa beki mmoja, na ukiangalia vizuri beki huyo kila siku ni wa klabu ile nyingine. Wa klabu yake akikosea, hapo ghafla "tuwape moyo vijana wetu". Uzalendo wa jamaa una tarehe ya kuisha muda, kama maziwa ya pakiti.

Halafu kuna admini wa peji. Huyu ndiye hatari zaidi kwa sababu hana sura. Peji ina nembo ya klabu, ina matangazo ya kubeti, na ina kazi moja: kuwasha moto. Kikosi kikitoka, anachora duara jekundu kwa wa huku na duara la njano kwa wa kule. Hakuna uchambuzi. Hakuna hata takwimu ya nani kafunga mangapi msimu huu. Ni duara tu. Komenti zinakimbia kuliko hata za bao lenyewe, na wenye matangazo wanafurahi.

Hawa watatu hawachukii Taifa Stars. Wangekuwa wanaichukia ingekuwa afadhali, mtu angejua yuko na adui. Wao timu ya taifa ni malighafi tu. Ikishinda wanauza, ikifungwa wanauza zaidi.

SASA HESABU ZENYEWE

Kwa kuwa wanapenda kuhesabu, basi wahesabu mabao.

Machi 24, 2019, Uwanja wa Taifa, Tanzania 3, Uganda 0. Siku hiyo ndiyo iliyoipeleka nchi AFCON baada ya kusubiri miaka 39. Nani walifunga? Simon Msuva, mtu aliyekuwa anacheza Morocco na kabla ya hapo alikuwa Yanga. Erasto Nyoni wa Simba, kwa penalti. Aggrey Morris wa Azam. Bao moja kila upande, utadhani waligawana kwa kura. Jioni ile watu walicheza barabarani, na hakuna aliyesema atashangilia mabao mawili tu halafu lile la tatu awaachie wenyewe.

Novemba 19, 2024, uwanja uleule, ambao sasa ni Benjamin Mkapa. Tanzania 1, Guinea 0, tiketi ya AFCON 2025 mkononi. Mfungaji Msuva tena.

Agosti 2025, CHAN ikachezwa Tanzania, Kenya na Uganda. Mechi ya ufunguzi tarehe 2 pale kwa Mkapa, Burkina Faso wakala 2-0. La kwanza penalti ya Abdul Suleiman "Sopu" wa Azam. La pili Mohamed Hussein "Tshabalala". Hapa ndipo wenye hesabu walipopata taabu. Huyu jamaa alivaa jezi nyekundu kwa zaidi ya miaka kumi, akawa nahodha Msimbazi, na mwaka huohuo wa 2025 akahamia Jangwani. Ahesabiwe wapi? Aliyekuwa anaitwa "mtoto wetu" akawa "msaliti", na aliyekuwa "kolo" akawa "mwananchi mwenzetu". Mguu ni uleule. Krosi ni zilezile. Kilichobadilika ni rangi ya fulana.

Endelea. Mauritania 1-0, bao la Shomari Kapombe wa Simba dakika za lala salama. Madagascar 2-1, mabao yote mawili ya Clement Mzize wa Yanga. Jamhuri ya Afrika ya Kati 0-0. Pointi 10, kinara wa kundi, robo fainali ya kwanza ya CHAN kwa Tanzania. Mabao matano: Azam, Tshabalala ambaye klabu zote mbili zinaweza kumgombania, Simba, Yanga mawili. Toa upande wowote hapo uone kama kundi linaongozwa.

Agosti 22, Morocco wakaja Mkapa wakashinda 1-0, safari ikaishia hapo. Morocco walienda kubeba kombe. Lakini usiku ule wenye maduara wakarudi kazini, kila mmoja anatafuta mchezaji wa upande wa pili wa kumtwisha lile bao.

Halafu ikaja AFCON yenyewe kule Morocco, Desemba 2025. Kabla ya mashindano timu akakabidhiwa Miguel Gamondi. Aisee, kwa vile mzee aliwahi kuinoa Yanga, kuna waliomhesabu hata yeye. Hajafika mazoezini, kashawekewa duara.

Kilichotokea uwanjani ni hiki. Nigeria walishinda 2-1, na bao la Tanzania likafungwa na Charles M'Mombwa, kijana aliyekulia Australia. Hana Msimbazi, hana Jangwani. Peji zote hazikuwa na rangi ya kumchorea. Uganda 1-1, Msuva kwa penalti. Tunisia 1-1, bao la Feisal Salum, Fei Toto, aliyeondoka Yanga kwa mgogoro uliojaza magazeti na sasa yuko Azam. Pointi mbili, nafasi ya tatu, na kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe Tanzania ikatoka kwenye makundi ya AFCON. Januari 4, 2026, raundi ya 16 bora, Morocco tena, 1-0 tena, nyumbani kwao Rabat.

Mabao matatu ya mashindano makubwa kuliko yote ambayo timu hii imewahi kucheza, na hakuna hata moja lililofungwa na mchezaji wa Simba au wa Yanga wa siku hiyo. Wenye vidole walikuwa wanahesabu nini muda wote huo?

MUULIZE MZEE WA KAHAWA

Kama kuna mtu bado anabisha, apite kijiweni jioni. Amnunulie mzee yeyote wa umri unaofaa kikombe na kashata, amuulize kuhusu mwaka 1979. Mzee atakaa vizuri. Atasema Ndola, Zambia. Atasema 1-1. Atasema Peter Tino. Atasimulia lile bao kana kwamba lilifungwa jana Jumapili, na kwamba ndilo lililoipeleka nchi fainali za Afrika za 1980 kule Nigeria.

Kisha aulizwe: siku ile Peter Tino alikuwa anachezea klabu gani? Wengine watakumbuka, wengine watakuna kichwa, wengine watabishana mpaka kahawa ipoe. Lakini hakuna atakayeanzia hapo. Klabu siyo sehemu ya stori. Stori ni kwamba Mtanzania kafunga, nchi ikaenda.

Na wazee hao ndio wenye Simba na Yanga yao. Wao ndio waliokuwepo Simba ikiitwa Sunderland, kabla ya kubadili jina mwaka 1971. Kwa upenzi wa klabu hawana mpinzani, wakianza kutaniana hapo kijiweni kijana wa siku hizi anaweza kukimbia. Lakini walijua mipaka. Kijana wa leo ana simu, ana bando, ana habari zote za dunia, na mipaka hiyo hana.

"ACHENI HIZO, NI UTANI WA JADI"

Hii ndiyo kinga yao kubwa. Ukigusa tu, unaambiwa huelewi utani. Sawa, basi uzungumzwe utani.

Utani wa Kiswahili, ule wa makabila, una sheria. Mtani anaruhusiwa kukucheka hata msibani. Anaweza kuja na kulala juu ya jeneza akidai deni lake, watu wakacheka katikati ya kilio. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe kaburini, ndiye anayepika, ndiye anayekesha. Kucheka kwake kunalipiwa na kazi. Mtani anayecheka halafu anaondoka bila kushika jembe siyo mtani, ni mtu mbaya tu aliyekuja msibani.

Simba na Yanga ni watani wa jadi kwa maana hiyohiyo. Yanga ya 1935, Simba ya 1936, na simulizi za mjini zinasema ya pili ilitoka ubavuni mwa ya kwanza. Majengo yao yote yako Kariakoo, ni mwendo wa miguu tu kutoka hili hadi lile. Mtaa mmoja wanashona jezi nyekundu na za njano kwenye cherehani moja. Mwenye duka Mnazi na msaidizi wake Mwananchi, asubuhi wanatukanana, mchana wanakula sahani moja.

Taifa Stars ndiyo siku ya kushika jembe. Ndiyo siku ambayo utani unatakiwa kulipa deni lake. Mchambuzi na staa na admini wanataka kucheka siku 365 na kazi hawataki hata siku moja. Wasijifiche kwenye neno ambalo wazee walilipa maana.

"LAKINI KOCHA ANAPENDELEA"

Hoja ya pili ina uzito kidogo. Kwamba kuhesabu ni njia ya kumbana kocha, maana makocha wapo wanaobeba majina ya klabu kubwa na kuacha vijana wa Mbeya, wa Tanga, wa Singida, wenye kiwango.

Hiyo ni hoja halali kabisa, na ndiyo maana inauma kuona inavyochezewa. Anayetaka kumbana kocha aseme hivi: fulani wa timu fulani ndogo ana mabao kadhaa ligi kuu, yule aliyeitwa hana hata bao moja, kwa nini kaachwa? Huo ni uchambuzi, na unaweza kumlazimisha kocha ajibu. Lakini anayesema "wao watano sisi wanne, tunaonewa" hamtetei kijana wa Mbeya. Anadai mgao. Akipewa wa tano ananyamaza, na yule wa Mbeya anaendelea kuangalia mechi kwenye kibanda umiza.

Hakuna anayesema Simba na Yanga hazina mchango. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023. Simba ikafika fainali hiyohiyo 2025. Wachezaji wa taifa wanatoka humo kwa sababu humo ndimo kwenye mechi kubwa na presha kubwa. Klabu hizi ni mtaji wa nchi. Tatizo ni pale mwenye mtaji anapokataa kuuingiza dukani kwa kuwa kaona mwenzake naye kauingiza wake.

KINACHOKUJA 2027

Septemba 27, 2023 CAF iliwapa AFCON 2027 majirani watatu kwa ombi lililoitwa Pamoja. Tanzania haijawahi kuandaa AFCON. Uwanja wa Mkapa unabeba watu 60,000, na kwa mara ya kwanza vijana wa nchi hii watacheza fainali za Afrika nyumbani.

Hebu mtu afikirie usiku mmoja tu. Dakika ya 80, 0-0, mpinzani mgumu. Winga kapata mpira pembeni, beki mmoja mbele yake. Anaweza kumpita au anaweza kurudisha nyuma. Kichwani anajua akipoteza, nusu ya uwanja haitasema "bahati mbaya". Itasema jina la klabu yake kama tusi. Anajua simu yake ikiwashwa usiku itakuta mama yake katukanwa na watu wenye picha ya simba au ya mwenge kwenye akaunti zao. Anajua yule staa kashaandaa kijembe.

Winga huyo atarudisha mpira nyuma. Yeyote angerudisha.

Hapo ndipo "wa kwetu wangapi" inapofikia. Haiishii kwenye komenti, inaingia kwenye miguu ya kijana wa miaka 22. Watu watalalamika kwamba wachezaji wa Tanzania hawajiamini, hawathubutu, wanapiga pasi za nyuma. Nani kawafundisha kwamba kosa lao litahukumiwa kwa rangi?

Na wadogo wanaangalia. Jioni viwanja vya Kidongo Chekundu vimejaa watoto wa Kariakoo na Ilala wanaofukuzana na mpira. Wanachojifunza ni kwamba kuvaa jezi ya taifa hakutoshi kupendwa, mpaka uwe na kabila lako la soka. Mtoto akiiamini hiyo akiwa na miaka 12, hata akifika Ulaya atakuwa anaangalia jukwaani kwanza kabla ya kupiga shuti.

DAWA NI NDOGO

Hakuna sheria ya kutunga hapa, wala TFF haiwezi kumkataza mtu kuhesabu vidole vyake. Dawa iko kwenye kidole kimoja tu, kile cha kugusa simu.

Siku kikosi kikitoka, peji yenye maduara isipewe komenti, hata ya kupinga. Komenti ya kupinga nayo ni hela. Mchambuzi anayefungua kipindi kwa hesabu aulizwe palepale, kwa simu ileile anayoifungua: mpinzani anacheza mfumo gani? Akikosa jibu, mtaa mzima utakuwa umesikia. Na staa mwenye bendera shingoni, timu ikifungwa, mashabiki wamkumbushe ile picha yake. Wamwekee chini ya kijembe chake, bila tusi, picha tu. Aitazame.

Wale machinga wa Msimbazi wanaotundika jezi kwenye kamba moja, nyekundu, njano, bluu, wanajua siri ambayo mastaa hawajaijua. Siku ya mechi ya taifa, bluu inanunuliwa na pande zote mbili. Muuzaji hamuulizi mteja ni wa wapi. Anamuuliza saizi.

Sasa wadau, semeni ukweli bila kuremba: kikosi cha mwisho kilipotoka, ulihesabu au hukuhesabu? Na nani mwingine anastahili kuwekwa kwenye kapu pamoja na wale watatu? Uwanja wa komenti ni wenu, ila majina bakini nayo.